Prosesa Mbili na Ufa wa Mahango

Nyakasanga,
S.L.P. 318,
Kasese.

Jumapili, 23 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Tumushabe,

Nakusalimu kutoka nyumbani, mimi dada yako. Hujambo? Wifi yangu Vasta hajambo? Na Atukunda, meno yake ya mbele yameshaota, au bado anacheka na pengo? Mgongo wako je, ule uliokuwa ukikuuma kila ukipanda minara ya kiwanda? Joto la Sohar nasikia hupungua miezi hii. Natumaini mnalala vizuri.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linagoma nikishuka ngazi, lakini presha imetulia na daktari amenipunguzia vidonge. Mvua haijapumzika tangu Septemba. Nguo nikianika asubuhi, jioni naziingiza zikiwa mbichi vilevile.

Barua hii anakuletea Saudah, jirani yangu wa ukuta mmoja. Anamfuata mumewe Shafik, ambaye anaendesha malori huko Muscat, na Shafik amesema hupita Sohar kila wiki. Nimemfungia kilo mbili za kahawa ya Mahango. Hiyo ni kahawa ya mwisho kutoka shamba lile, nitakueleza kwa nini. Nimeandika kwa mkono kwa sababu haya hayaenei kwenye simu. Kwenye simu ningefika katikati nikasema haya, salama, tutaongea.

Tangu tumzike mama mwezi wa pili, nyumba imekuwa kubwa, Tumushabe. Kitanda chake nimekihamisha chumba hadi chumba mara tatu, na kila ninapokiweka naona hapakifai. Mwanangu Baker yuko Gulu na kazi yake na mke wake. Hupiga simu mwisho wa mwezi, na mimi humwambia kila kitu ni sawa. Redio naiacha iseme kutwa nzima, Lhukonzo asubuhi, Luganda mchana, nisikie tu watu wanaongea.

Sasa nikueleze juu ya zile prosesa mbili za kompyuta nilizokuuliza mwezi uliopita. Ulinijibu, nami sikukurudishia neno. Leo nakuambia yote.

Unajua nilichora ramani za machimbo ya chokaa miaka ishirini na miwili. Nilipostaafu nilidhani hakuna atakayenihitaji tena. Kumbe mwanzoni mwa mwaka huu, wiki mbili baada ya msiba, walinijia wakulima wa kahawa kutoka Mahango. Juu ya nyumba zao ulikuwa umetokea ufa, unapita mlimani mwendo wa hatua mia tatu hivi. Chini yake kulikuwa na nyumba saba. Walitaka kujua kitu kimoja tu: je, mlima unatembea, au ni udongo wa juu unaopasuka kwa jua na kufungwa na mvua?

Walimpata Yosamu wa Fort Portal, mpima ardhi mwenye droni na kibali chake. Akapiga picha za mlima ule mwezi wa tatu, akarudi Oktoba akazipiga tena, picha zaidi ya elfu moja kila safari. Kazi yangu ilikuwa kuzishona kwa kompyuta hadi zitoe umbo la mlima mzima, halafu kulinganisha mlima wa Machi na mlima wa Oktoba. Kama umesogea, utaonekana.

Mwenyekiti wa kijiji alisema mbele yangu, "Mama, kahawa yetu iko karibu kuiva. Mutu hawezi acha kahawa kwa sababu ya ufa. Lakini leta ramani. Ramani ikisema tutoke, tunatoka."

Wakati tukingoja, bibi mmoja alijipa kazi yake mwenyewe. Anaitwa Kabugho, ni mjane, na ufa ulipita juu kabisa ya shamba lake. Alisimika kijiti huku na kijiti kule, akafunga kamba katikati, na kila asubuhi saa moja, baada ya kuwafungulia mbuzi wake, alipanda kupima kwa vidole, halafu ananipigia.

"Mama Baker, leo iko vidole mbili."

Nami naandika. Kisha anauliza kama nimelala vizuri, ananieleza mbuzi gani amezaa, mtoto wa nani ana homa. Dakika tano, sita. Miezi minane, kila asubuhi. Nakuambia kweli, kuna siku ambazo hiyo ndiyo ilikuwa sauti pekee iliyotaja jina langu mpaka jua linazama.

Picha za Oktoba zilipofika, nikaiwasha ile laptopu yangu ya ofisini. Ikahangaika siku mbili, ikazima. Nikaenda Bwera kwa Musitafa, anayeuza kompyuta zilizotumika karibu na barabara ya mpakani. Alikuwa na mbili zinazonifaa, na bei zake zilikuwa karibu sawa, kwa hiyo mabishano hayakuwa ya pesa.

Moja ilikuwa na prosesa mpya ya kompyuta ya mezani, ina viini sita, yaani sehemu sita zinazofanya hesabu kwa wakati mmoja. Ilikuwa nyepesi, haina joto, haina kelele. Kumbukumbu yake giga kumi na sita. Ya pili ilitoka kwenye seva ya kampuni fulani ya Ulaya iliyofungwa, prosesa yenye umri wa miaka kumi, viini kumi na vinane, na kumbukumbu giga mia moja ishirini na nane, ya aina ile inayojisahihisha yenyewe ikikosea. Lakini ilikuwa nzito kama gunia la saruji, na alipoiwasha feni zake zikalia mpaka mteja mmoja akatoka nje.

Musitafa akanieleza kwa Kiswahili chao cha mpakani. "Mama, hii mupya ni batu sita tu, lakini banakimbia. Hii ya zamani ni batu kumi na nane, banatembea pole, lakini banalima shamba yote mara moja. Sasa inategemea shamba yako iko namna gani."

Nikamwambia nitafikiri. Nilipofika nyumbani nikakupigia, hukupokea. Nikakupigia tena kesho yake. Ndipo nikakuandikia ule ujumbe: nimepata kompyuta mbili, moja ina prosesa mpya ya mezani, nyingine ya zamani ya seva, nichukue ipi? Siku ya pili ukajibu: "Chukua mpya, dada. Ya zamani ni chuma chakavu, itakula umeme bure. Niko zamu, tutaongea baadaye."

Nikaenda Bwera, nikachukua mpya.

Hukukosea, Tumushabe, nataka ulijue hilo kabla hujasoma zaidi. Kwa anayeandika barua, anayechora, anayefanya hesabu za duka, ile mpya ndiyo yenyewe. Nilipoifungua ilikwenda kama maji. Ramani ambayo laptopu yangu ilikuwa inaivuta dakika nzima, hii iliifungua kabla sijaondoa kidole. Lakini sikukuambia kwamba kuna picha zaidi ya elfu mbili. Sikutaja mlima, wala nyumba saba. Nilikuuliza mpya au ya zamani, nawe ukanijibu nilichouliza.

Mlima haukuenea kwenye zile giga kumi na sita. Nikaukata vipande vinne nishone kimoja kimoja kisha niviunganishe. Vipande vikatoka, haraka kweli, lakini havikukaa sawa. Mahali vilipokutana palikuwa na ngazi, kimoja juu, kingine chini, na ngazi hiyo ilipita palepale kwenye ufa. Sikuweza kujua kama ni mlima umesogea au ni mshono wangu. Nikakata upya kwa namna nyingine, ngazi ikahama, ufa ukaonekana haujasogea. Nikakata mara ya tatu. Nilipunguza ubora wa picha, kila kitu kikawa laini kama ugali, ufa wenyewe ukapotea. Nilifanya hivyo siku tisa. Mwenyekiti akipiga simu, nasema bado kidogo.

Asubuhi ya siku ya tisa Kabugho akapiga, na hakuanza na salamu.

"Mama Baker, leo sina hesabu. Kamba imekatika."

"Imekatwa na mbuzi?"

"Mbuzi wako ndani. Imekatika yenyewe. Imevutwa."

Nilivaa viatu nikaenda Bwera siku hiyohiyo, nimeibeba ile mpya ndani ya boksi lake. Nilijiandaa Musitafa aniseme. Aliitazama tu, akauliza, "Shamba yako ni kubwa, siyo?" Machozi yakanitoka dukani kwa watu. Akanipa kiti. Kisha akakubali tubadilishane, na ile seva akaileta mwenyewe kwa pikipiki mpaka Kasese, ameifunga kwa blanketi la nyumbani kwake.

Tukaiwasha sebuleni. Ililia, Tumushabe. Glasi zilitetemeka kabatini. Nikaipa picha zote za Machi, mlima mzima bila kukata, nikakaa mbele yake kama mtu anayengoja mgonjwa. Baada ya saa saba mlima ukatoka. Mzima, hauna mshono, naona mpaka njia ya mbuzi wa Kabugho.

Asubuhi nikaipa picha za Oktoba. Haikumaliza hata saa moja, umeme ukakatika mji mzima. Ulisema kweli kuhusu umeme. Betri yangu ya sola ilikuwa na nguvu ya kuibeba dakika kumi tu, ikaishiwa. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za mlango. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mlima.

Saudah akanikuta hapo. Unajua huuza samaki wa Katwe, na ana jenereta ndogo kwa ajili ya majokofu yake mawili. Nikamweleza. Hata sikumwomba.

"Inataka saa ngapi?" akauliza.

"Saba."

"Haitabeba majokofu na hiyo mashine yako."

"Najua."

Akaingia kwake akachomoa majokofu, akapitisha waya dirishani kwangu. Samaki wake aliwatandika mezani barabarani, akawauza kwa bei aliyoitaka kila mpita njia, na waliobaki akawagawa kwa majirani. Kila baada ya saa mbili alikuja kuongeza mafuta, anaangalia kioo, anauliza, "Bado?" Namwambia bado. Anarudi kwa samaki wake.

Saa kumi alasiri mlima wa Oktoba ukatoka. Nikaulaza juu ya ule wa Machi. Upande wa juu, kwenye ufa, ulikuwa umeshuka karibu nusu mita. Upande wa chini, nyuma ya zile nyumba saba, ulikuwa umevimba. Nilifanya kazi kwenye machimbo miaka ishirini na miwili, naijua maana yake. Mlima mzima ulikuwa unatembea.

Nikachapisha ramani kwenye karatasi kubwa, sehemu zilizosogea nikazitia rangi nyekundu, na kesho yake asubuhi nikapanda Mahango kwa bodaboda na goti langu hili. Walikusanyika uwanja wa kanisa. Nilieleza kwa Kiswahili, mwenyekiti akatafsiri kwa Lhukonzo. Wanaume wakaanza kubishana juu ya kahawa. Kabugho akasogea, akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hapa kwenye nyekundu, ni wapi?"

"Hapo ni nyumbani kwako, mama."

Aliitazama kidogo. "Basi mimi natoka," akasema, akageuka kwenda kufunga godoro lake. Ubishi ukaishia hapo. Ilikuwa Alhamisi. Hadi Ijumaa jioni nyumba zote saba zilikuwa tupu.

Jumapili, watu wakiwa ibadani, mlima ukashuka. Wanasema haukupiga kelele kubwa, ulivuma tu kama lori linalopanda kilima, kisha kimya. Nyumba tano hazionekani tena. Shamba la Kabugho lote limekwenda, na mbuzi wake wawili waliokuwa wamerudi wenyewe zizini. Hakuna mtu aliyekufa. Hakuna hata mmoja.

Watu walinipigia siku nzima kunishukuru, wengine siwajui. Kanisani walinisimamisha. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni. Ramani ilifika Alhamisi, mlima ukashuka Jumapili, siku tatu. Na mimi nilikuwa nimechezea siku tisa na ile mpya. Kama kamba ya Kabugho ingekatika siku nne baadaye, ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Hapa ndipo ninapotaka kukuambia lile ambalo sijamwambia mtu, hata Saudah. Nilijua. Siku ile dukani kwa Musitafa, kabla sijakupigia, nilijua kwamba ya zamani ndiyo ninayoihitaji. Kule machimboni tuliwahi kushona picha za namna hii, najua zinavyokula kumbukumbu. Sikuhitaji kumuuliza mtu yeyote.

Nilikuuliza kwa sababu tangu maziko ya mama hatujapata neno la kuongea, wewe na mimi. Uliyaangalia maziko kupitia simu ya Baker, ukasema mtandao unakatika, ukakata. Baada ya hapo kila nikikupigia uko zamu. Nikafikiri, nikimuuliza kitu cha umeme na mashine, atapokea, maana hayo anayapenda. Na jibu lako lilipofika nililisoma mara nyingi sana. Ulikuwa umeniita dada. Nikaenda nikachukua ulichosema, kwa sababu kukikataa niliona ni kama kukufungia mlango siku uliyobisha hodi. Nikaziacha nyumba saba zikae chini ya mlima siku tisa kwa ajili ya hilo. Namwomba Mungu anisamehe, nawe ujue hili si la kwako kubeba. Ni langu.

Ile seva bado iko sebuleni. Kazi hakuna kwa sasa, lakini mchana mwingine naiwasha tu. Kelele yake inajaza nyumba.

Kabugho amehamia kwa binti yake Ronah, kule Karambi, na familia nyingine zimetawanyika kwa ndugu zao. Hana tena ufa wa kupima, kwa hiyo hapigi simu. Nilimpigia mimi mara moja. Alikuwa shambani kwa Ronah wanapalilia maharage, akafurahi, lakini watu walikuwa wanamwita, tukaagana upesi. Ni vizuri, yuko hai na ana watu. Saudah naye anaondoka Jumanne. Nimemsaidia kufunga mabegi, tumecheka sana, na tukalia kidogo. Jokofu moja ameniachia. Sina cha kuweka ndani.

Tumushabe, sitaki unijibu kuhusu prosesa. Hilo limekwisha. Sikuulizi pia kwa nini hukuja kumzika mama. Najua ulinyimwa ruhusa, na nadhani unaona aibu kwangu, kana kwamba mimi ndiye mwenye maziko na wewe mgeni. Alikuwa mama yetu sote wawili. Siku zake za mwisho alikuwa akiniita kwa jina lako, nami nilikuwa naitika. Nipigie siku usiyo na zamu, nikueleze alisema nini. Nimeyaweka maneno hayo peke yangu tangu Februari, na nusu yake ni yako.

Msalimie sana Vasta, mwambie mafuta ya mgando aliyoniagiza yamo chini ya kahawa. Mbusu Atukunda kwa niaba ya shangazi yake. Baker anakusalimu, na Musitafa wa Bwera pia, ingawa hakujui. Amesikia habari zako dukani kwake.

Mungu aliyewatoa watu wa nyumba saba chini ya mlima akutunze huko juu ya minara yako, akushushe salama kila jioni, na akurudishe kwetu siku moja.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja, ambaye hajapunguza hata kidogo kukupenda,

Kembabazi